Kifusi cha Zege katika Matofali ya Saruji: Suala la Maji katika Mazingira ya Mpitimbi

Katika utafiti wa Sabai na wenzake (2013) uliofanyika nchini Tanzania, kifusi cha majengo kilichopondwa kilichukua nafasi ya kokoto na mchanga wote katika ufyatuaji wa matofali ya saruji. Baada ya siku 28, asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalihimili newtoni 7 kwa milimita ya mraba, yaani kiwango cha chini kinachokubalika nchini kwa tofali la kubeba mzigo. Hata hivyo, yalikuwa dhaifu kuliko matofali ya kokoto asilia.

Chanzo cha udhaifu huo ndicho chenye uzito kwa kata kama Mpitimbi, wilayani Songea. Kipande cha zege kuukuu hubaki na saruji ya awali iliyokigandia, nayo ina vitundu vingi vinavyonywa maji ya mchanganyiko. Fundi auonapo mchanganyiko umekauka, huongeza maji. Maji ya ziada yakishatoka huacha uwazi ndani ya tofali. Lawama zote hutupiwa kifusi, ingawa ndoo nayo ina sehemu yake.

Tiba yake haihitaji mtambo. Kokoto za kifusi hulowekwa, kisha huachwa zichuje maji hadi zikauke juu, ndipo saruji itiwe. Vumbi linalotokana na kuponda kwa nyundo lichekechwe, kwa kuwa hunywa maji zaidi; mabaki ya jasi na udongo yaondolewe.

Kwa kuwa majengo ya zege vijijini ni machache kuliko jijini, kukisafirisha kifusi kutoka mbali hufuta nafuu yake. Kinafaa zaidi palepale kilipobomolewa, kwa tabaka la chini ya sakafu, vijia, au kuta zisizobeba mzigo.