Lori Likigonga, Pima Oili Kwanza

Hapa Nzega lori hubeba pamba na mpunga wetu. Injini ikifa njiani, mazao hulala porini. Injini ikianza kugonga, wengine hutia oili nzito ili kelele ipungue. Je, hiyo ni dawa?

Asali ya asubuhi ni nzito. Ukiiweka motoni huwa nyepesi. Oili nayo ni hivyo. Ikiwa nyepesi mno, injini ikipata moto vyuma husagana. Ikiwa nzito mno, asubuhi huchelewa kufika kwenye vyuma.

Soma kopo. Oili namba 40 ni nzito kuliko namba 30. Malori mengi ya dizeli hutumia 15W-40. 15W ni uzito wake ikiwa baridi. 40 ni uzito wake ikiwa moto. Fuata namba ya kitabu cha lori lako.

Lori likigonga, fanya hivi:

1. Lisimamishe mahali tambarare. Zima injini, ngoja oili ishuke.

2. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena.

3. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza ya namba ileile.

Kelele ikiendelea, mwite fundi. Oili nzito huficha kelele, haiponyi chuma kilicholika. Taa ya oili ikiwaka safarini, simama, zima injini palepale.