Gambuti, Tochi na Nauli: Mwindaji Atumie Wapi Pesa Yake?

Msimu wa uwindaji unapokaribia kufunguliwa Julai, kaa na wawindaji wa kitoweo wa Tabora au Katavi usikilize. Watazungumzia ada ya leseni, bei ya risasi na mafuta ya gari, na takwimu hizo wanazo kichwani. Ukigeuza mazungumzo na kuuliza wanaingia porini wamevaa nini miguuni, utaonyeshwa raba za mtumba, pengine katambuga za tairi zilizoacha kisigino wazi. Habari ya nyoka huachiwa Mungu, au jiwe jeusi lililofungwa kwenye kitambaa.

Makala hii inajaribu kupanga matumizi ya upande huo. Bei nilizotaja ni za kukadiria, kwa shilingi za Tanzania: Kariakoo utapata kwa nafuu, wilayani utaongezewa kidogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko aweke mfugaji au mrina asali mahali pa mwindaji, na hesabu haitabadilika sana.

Anza na nyoka mwenyewe, maana ndiye anayeamua ununue nini. Wa kwanza ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene, si mrefu, na madoa yake yanashabihiana na majani makavu kiasi kwamba unaweza kumtazama usimwone. Tatizo lake ni kwamba hakimbii. Nyoka wengi wakihisi mtikisiko wa nyayo huondoka zao. Kifutu hutulia palepale akitegemea rangi yake imfiche, mpaka mtu amkanyage. Sasa fikiria mwendo wa mwindaji: ananyata, anachagua pa kuweka mguu ili kijiti kisivunjike, na macho yako kwa digidigi aliye mbele. Ule mtikisiko ambao ungewaonya hata nyoka wengine, yeye ameuondoa kwa makusudi.

Kifutu hupiga chini, kwenye wayo, kifundo na muundi. Koboko ni habari nyingine. Kwa kawaida ana urefu wa mita mbili hadi tatu, na anaweza kuinua theluthi ya mwili wake, hivyo anaweza kukupiga pajani au juu zaidi, na hapo hakuna kiatu kitakachokusaidia. Huyo mkwepe kwa kutosogelea vichuguu vyenye matundu na magogo yenye mashimo, na ukimwona mpishe njia. Akipata pa kukimbilia hukimbia. Swila anayetema hulenga macho kutoka mita mbili au zaidi. Maana yake, pesa ya viatu ni pesa ya kifutu, na kwa kuwa kifutu ndiye mwindaji anaweza kumkanyaga wakati wowote, ndipo panapostahili shilingi ya kwanza.

Gambuti ndefu za mpira, zile za kufika chini kidogo ya goti, huuzwa kati ya 15,000 na 30,000 hivi. Kwa bei hiyo sijaona kitu kinachozishinda. Meno ya kifutu mkubwa hufikia sentimita moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo mpira peke yake hauwezi kudaiwa kuwa ngao kamili. Kinachosaidia ni mpira pamoja na nafasi iliyopo kati yake na ngozi. Ndiyo maana inafaa ununue saizi moja zaidi, uvae soksi nzito, usichukue zile zinazobana. Malalamiko ya wawindaji nayo ni ya kweli: zina joto, na shingo yake hupigapiga muundi ukitembea, jambo linalomkera mtu anayenyatia mnyama. Mkanda wa mpira wa tyubu ukiufunga juu ya gambuti, chini ya goti, kelele hupungua. Kuna gambuti fupi za kifundoni zenye bei ya chini. Ziache dukani, maana zinaacha wazi sehemu ileile unayotaka kuikinga. Na zile ndefu, asubuhi kambini zikung'ute kabla ya kuingiza mguu, kwani nge naye hupenda kulala humo.

Buti za ngozi za mtindo wa jeshi hupatikana mtumbani kwa 30,000 hadi 60,000, mpya ni zaidi ya hapo. Zinatembeka vizuri mlimani na kwenye mawe, na ngozi nzuri ni imara. Lakini nyingi huishia juu kidogo ya kifundo, na kutoka hapo kwenda juu unategemea suruali.

Suruali nayo isidharauliwe. Watafiti wa California waliwahi kuchukua glavu za mpira, wakazijaza maji ya vuguvugu yenye chumvi ili zifanane na kiungo cha mtu, nyingine wakazivika kitambaa cha jinzi, kisha wakawaacha nyoka aina ya rattlesnake wazipige. Zilizovikwa jinzi ziliingiwa na sumu pungufu kwa zaidi ya nusu. Nyoka wa Marekani si kifutu, lakini namna ya kupiga inakaribiana, na jinzi pana ya mtumba ni 10,000. Iwe pana kweli. Inayobana mguu haina faida hiyo, na hata kuruka mtaro nayo ni shida.

Juu kabisa kwa bei ziko kinga za miguu zinazotengenezwa nje mahsusi kwa ajili ya nyoka: kitambaa kigumu cha nailoni, mara nyingine chenye vipande vya plastiki ndani, kinachofungwa kuzunguka muundi kutoka kifundoni hadi gotini juu ya kiatu chochote. Marekani huuzwa kuanzia kama dola 60 na kuvuka 100, bado hujalipa usafirishaji na ushuru. Ni nyepesi kuliko gambuti na hazina kelele. Kama kazi yako ni kuongoza wageni porini miezi mizima, nunua, ni kifaa cha kazi. Anayetoka wikiendi mbili kwa mwaka kufuata kanga atakuwa amelipia mara kumi faida ambayo gambuti ingempa sehemu yake kubwa.

Tochi ya kichwani, 10,000 hadi 25,000, ina thamani kuliko bei yake. Kifutu hutembea jioni na usiku, saa zilezile ambazo mwindaji anarudi kambini akiwa amechoka, au anatoka hemani kwenda haja. Tochi ya simu inashika mkono mmoja na kumaliza chaji utakayoihitaji kupiga simu. Fimbo ndefu ni bure. Kanga akianguka kwenye kichaka, mchokonoe na kumvuta kwa fimbo. Mkono usitangulie mahali ambapo jicho halijafika. Vivyo hivyo kwenye shimo la nungunungu na kwenye lundo la kuni. Chandarua hutundikwa na kingo zake kupenyezwa chini ya mkeka, na hapo kinazuia mbu na mgeni mwingine. Miwani ya fundi seremala, ile angavu ya plastiki, ni elfu chache, nayo inatosha kwa swila. Usipokuwa nayo na sumu ikaingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali.

Mafuta ya taa na vitunguu saumu vinavyomwagwa kuzunguka kambi sivijadili. Mafuta ya taa yatumike kwenye taa.

Kuna vitu viwili vinavyokula pesa ya watu na vinahitaji maneno zaidi. Kimoja ni pampu ndogo ya kunyonya sumu, ambayo huuzwa mtandaoni ikiwa kwenye kiboksi kizuri. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwadunga watu waliojitolea kimiminika kisicho na madhara mahali pa sumu, wakaipima pampu: ilitoa sehemu ndogo mno, chini ya asilimia 0.1. Kingine ni jiwe la nyoka, ambalo kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Majaribio kwa panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika hayakuonyesha kuwa linaokoa. Mbona basi kila kijiji kina mtu aliyepona kwa jiwe? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu huuma mara nyingine bila kuitoa. Jiwe linapewa sifa ya kupona ambako kungetokea hata bila lenyewe, na hasara yake kubwa si pesa ya kulinunulia, ni saa tatu za kukaa unalisubiri lidondoke. Wembe na kamba ya kukaza mguu havina gharama, ila vyote viwili huongeza madhara.

Hapo tunafika kwenye bei inayotisha. Dawa halisi ya sumu ya nyoka hupatikana kwa kuwadunga farasi sumu kidogokidogo, kisha kuvuna kinga kutoka kwenye damu yao. Ni kazi ndefu yenye wateja maskini. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi, iliacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda Juni 2016. Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria wakati huo kwamba matibabu yalimgharimu mgonjwa mmoja dola 250 hadi 500, na kwa shilingi za sasa kiwango cha chini hapo ni zaidi ya laki sita. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Wapo wenye uwezo wanaouliza kwa nini wasinunue chupa moja wakaiweka kwenye gari. Chupa moja haitoshi. Aliyeumwa na kifutu au koboko anaweza kuhitaji tano, kumi au zaidi. Dawa ya Afrika Kusini iliyozoeleka ukanda huu ni ya maji na hutaka jokofu. Hupitishwa kwenye mshipa, na mwili unaweza kuikataa ghafla kiasi cha kuua, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye adrenalini na ujuzi wa kuitumia. Tena dawa hizi hazifanani. Nchini Ghana, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2008, hospitali ya mashambani ilipobadilishiwa dawa iliyozoeleka na kupewa nyingine, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa mbali haiwezi kuaminiwa kwa kifutu wa kwetu, hata lebo yake ikipendeza vipi.

Kwa hiyo pesa ya matibabu ibaki pesa taslimu, na sehemu yake iwe ya kumfikisha mgonjwa. Kwenye nyanda za chini za kusini mashariki mwa Nepal, wanakijiji walijipanga kwa zamu kuwabeba walioumwa kwa pikipiki, na vifo vikapungua sana. Bodaboda tunazo. Mgonjwa anakaa katikati, mwenzake nyuma akimshikilia. Mguu ulioumwa umefungiwa kijiti usikunjwekunjwe, pete na viatu vimevuliwa kabla uvimbe haujaanza. Usiku, barabara mbaya, dereva atataka 30,000 au 50,000, na atazitaka kabla hajawasha pikipiki.

Mwenye 60,000 basi anunue gambuti, soksi, jinzi ya mtumba na tochi, na asipochagua za bei ya juu chenji itabaki. Mwenye laki mbili anunue hivyohivyo, aongeze chandarua na miwani, na zilizobaki azikunje pembeni ziwe nauli, asijaribiwe na zile kinga za dola. Halafu kabla ya kuondoka apige simu hospitali ya wilaya iliyo karibu na pori lenyewe, si ile ya nyumbani kwake, aulize: dawa ya sumu ya nyoka mnayo? Ni ya nyoka gani, chupa ngapi, inaisha muda lini? Usiku anakuwepo nani wa kuitoa? Wakijibu kwamba hawana, aulize hospitali ipi inayo na umbali gani, aandike namba ya dereva wa bodaboda wa hapo kijijini, na ampe mwenzake nakala.