Lafudhi si ushahidi wa uraia



Ndugu msomaji, usiku Yesu alipokamatwa, lafudhi ya Kigalilaya ilimfichua Petro (Mt 26:73). Waliomtambua hawakukosea, kwani kweli alikuwa Mgalilaya. Lakini kuwa Mgalilaya halikuwa kosa. Katika Waamuzi 12 mambo yalikuwa mabaya zaidi: kwenye vivuko vya Yordani, aliyeshindwa kutamka neno "Shibolethi" aliuawa.

Nilikumbuka masomo hayo nikiwa kwenye basi la kutoka Mpanda kwenda Kigoma. Mkaguzi alipita viti vingi bila kuuliza kitu, kisha akamshusha abiria mmoja aliyeitikia tu salamu. Alikuwa Muha wa Kasulu. Baada ya nusu saa alirudi kwenye kiti chake, kimya.

Kwa nini jambo hili ni gumu kwetu? Kwanza, Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mpaka wa nchi haukutenganisha matamshi. Pili, wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, katika mkoa wetu wa Katavi wa sasa, na Ulyankulu mkoani Tabora. Kufikia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000, wao na watoto wao, walikuwa wamekubaliwa kuwa raia. Kwa hiyo jirani yetu wa Katumba mwenye lafudhi ya Kirundi anaweza kuwa Mtanzania kamili.

Je, serikali haina haki ya kukagua? Inayo. Katekisimu (namba 2241) inakubali kwamba mamlaka zinaweza kuweka masharti ya uhamiaji, na inamtaka mhamiaji atii sheria za nchi inayompokea. Tatizo ni kigezo cha kumchagua wa kukaguliwa.

Tuipime hoja yenyewe. "Warundi wana lafudhi hii, huyu ana lafudhi hii, basi huyu ni Mrundi." Ni sawa na kusema: "Ng'ombe wana miguu minne, mbuzi huyu ana miguu minne, basi ni ng'ombe." Katika somo la mantiki hoja hiyo inaanguka, hata kama siku moja hitimisho lake likiwa kweli kwa bahati.

Barabarani kosa hilo lina gharama, kwa sababu Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inamwachia anayedai uraia mzigo wa kuuthibitisha. Mwenye kitambulisho cha Taifa anamaliza kwa dakika moja. Bibi aliyezaliwa nyumbani, asiye na cheti chochote, ataonyesha nini? Katika Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, mikoani Kagera, Kigoma na Geita, miongoni mwa walioondolewa walikuwamo waliosema walizaliwa Tanzania.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotoka. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino (Summa, II-II, swali la 60) anafundisha kwamba kumhukumu mtu kwa shuku tu ni kwenda kinyume cha haki, na penye shaka tumdhanie mwenzetu mema.

Basi tufanye nini? Ukaguzi ukiwapo, basi zima lionyeshe vitambulisho, au mtu aulizwe kwa sababu ya jambo mahsusi linalojulikana kumhusu. Nasi katika jumuiya ndogo ndogo tuwasaidie wazee na watoto kupata vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA, kabla hawajashushwa kwenye basi. Tena tuache kulitumia neno "Mrundi" kama tusi. Mungu aliwakumbusha Waisraeli kwamba nao walikuwa wageni Misri (Law 19:34).

Siku ile kwenye basi hakuna aliyemtetea ndugu yule, nami nikiwamo. Petro alimkana Bwana kwa maneno; mimi nilinyamaza. Jogoo aliwika kwa wote wawili.