Masomo ya Uzamili na Mahitaji ya Jamii: Mfano wa Bukama

Mwenye lisansi ya isimu anayetaka kuendelea na masomo hukabiliwa na swali linalojibiwa mara nyingi kwa haraka: asome kwa ajili ya taaluma, au kwa ajili ya kuihudumia jamii? Makala haya yanaeleza, kwa mfano wa Bukama, kwamba uchaguzi huwa bora zaidi mwanafunzi anapoanzia kwenye tatizo linalohitaji kuchunguzwa, si kwenye jina la shahada.

Bukama iko kando ya mto Lualaba, katika jimbo la Haut-Lomami. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1918, na mji ukawa kiungo kati ya garimoshi na vyombo vya mtoni vilivyoteremka hadi Kongolo. Chini yake kuna maziwa ya Upemba na Kisale pamoja na kambi za wavuvi. Kwa miongo kadhaa eneo hili limekuwa miongoni mwa makao ya kudumu ya kipindupindu nchini Kongo. Kiluba ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili husikika sokoni na stesheni. Kifaransa hutawala ofisini.

Hebu tuchukue ujumbe mmoja wa afya. Pasipo na pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, mgonjwa huandaliwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kudhurika. Ujumbe wa namna hii ukiandikwa kwa Kifaransa, kisha ukatafsiriwa kwa Kiswahili sanifu na kufafanuliwa kwa Kiluba, je, nusu hubaki nusu, na kijiko cha chai hubaki kijiko kile kile? Aidha, Kiswahili cha Katanga husema "mu nyumba" pale ambapo sanifu husema "nyumbani", na hutumia kiambishi bu- mahali pa u-. Ni lahaja ipi itakayoeleweka na mama aliye kambini? Hili ni swali la isimujamii na la tafsiri, lenye uzito kamili wa kitaaluma. Jibu lake pia linaweza kuokoa maisha.

Msingi wa utafiti huo upo. Edgar Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968; Walter Schicho alichapisha kazi juu ya sintaksia yake mwaka 1982; Johannes Fabian alichunguza historia ya Kiswahili katika utawala wa kikoloni mwaka 1986. Hata hivyo, kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, lugha ambazo muuguzi wa Bukama hana sababu ya kuzijua.

Mwanafunzi ana njia kadhaa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko karibu na wasemaji, na kina pia Shule ya Afya ya Umma ambayo mwanaisimu anaweza kushirikiana nayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humpa nafasi ya kuandika tasnifu kwa Kiswahili chenyewe, lakini humweka mbali na uwanja wa utafiti, na nauli huwa mzigo. Tena, lisansi ya zamani ya miaka mitano si sawa na lisansi ya miaka mitatu ya mfumo wa LMD. Sharti aulize mapema shahada yake itapokelewa kwa kiwango gani.

Kabla ya kujiandikisha, mambo matatu yachunguzwe. Kwanza, je, yupo msimamizi anayeukubali utafiti wa uwandani na anayeweza kuusahihisha kwa ukali unaostahili? Pili, nani atakayelipia safari na muda? Mikataba ya mashirika husaidia, lakini inaweza pia kumtoa mwanafunzi darasani kabla hajamaliza. Tatu, matokeo yatarudi kwa nani, na kwa lugha gani?

Swali hili la tatu ndilo hupuuzwa zaidi. Tasnifu isiyo na mbinu thabiti haimfai muuguzi, kwa kuwa itampa ushauri usiothibitishwa. Ile inayobaki kwenye rafu ya maktaba nayo haimfai. Kwa hiyo mpango wa utafiti uoneshe tangu mwanzo kazi mbili: nakala itakayotetewa mbele ya jopo, na maelezo mafupi, kwa Kiswahili cha mahali na kwa Kiluba, yatakayojaribiwa na wale waliohojiwa.