Nguvu Isiyofika Ardhini: Difu na Springi za Gari la Porini

Gari kuukuu la porini laweza kuwa na injini nzima, na hata hivyo likakwama matopeni huku gurudumu moja likizunguka bure. Injini haina kosa. Nguvu yake haifiki ardhini. Kwa nini?

Sababu ya kwanza imo katika difu. Gari likatapo kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Ikiwa nafasi baina yao ni mita 1.5, basi katika duara moja kamili la nje litazidi kwa mita 9.4, yaani 2 × 3.14 × 1.5, duara liwe kubwa au dogo. Difu ndiyo iyaruhusuyo magurudumu hayo kutofautiana mwendo. Lakini difu ya kawaida huyagawia yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha. Gurudumu lililo kwenye utelezi huzunguka kwa nguvu haba. Basi na lile lililo pakavu hupata haba hiyo hiyo. Kufuli ya difu huyafunga yazunguke pamoja, ndipo lenye mshiko lisukume gari. Kwenye lami kufuli hiyo haina budi kufunguliwa, la sivyo matairi huburuzwa konani na ekseli huweza kuvunjika.

Sababu ya pili ni springi. Gurudumu lililoning'inia hewani halina mshiko wowote. Land Rover za tangu 1948 zilitumia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka; Range Rover ya mwaka 1970 ikaja na springi za koili, ambazo ziliziacha ekseli zipande na kushuka zaidi, na matairi yakabaki ardhini.

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika huanza kwa kufunga springi ndefu ili gari liinuke. Hapo pana hatari. Gamba la difu limo katika ekseli, kwa hiyo haliinuki. Kiinukacho ni bodi. Kuliinua gamba hilo kwahitaji tairi kubwa zaidi. Tena, kitovu cha uzito kikiwa mita 0.75 juu ya ardhi, gari letu la mita 1.5, kwa hesabu tupu, hupinduka likiinama ubavu nyuzi 45. Kikipanda hadi mita 0.85, nyuzi 41 zatosha. Abiria na mizigo juu ya paa huzipunguza zaidi.

Kwa hiyo matengenezo yana utaratibu wake: kwanza breki, bushi na shokapu zilizochakaa, kisha springi zinazolingana na mzigo, mwishowe kufuli ya difu ya nyuma.

Darasani, kiberiti kilicholazwa juu ya ubao, kisha kikasimamishwa, na ubao ukainuliwa polepole, kitawaonyesha wanafunzi ni kipi kinachotangulia kuanguka, na kwa nini.