Kuungua si Kuungana: Nyota Zilizotengeneza Madini ya Masisi na Walikale

Kule Bisie, katika Walikale, inachimbwa kasiterite, jiwe linalotoa bati. Kule Rubaya, katika Masisi, inachimbwa koltani, inayotoa tantalamu ya ndani ya simu zetu. Tukiuliza madini haya yanakwenda wapi, majibu ni mengi: wanunuzi, mipaka, viwanda vya ng'ambo. Tukiuliza yametoka wapi kabla ya kuwa ndani ya mlima, jibu lililozoeleka ni fupi: yametoka katika supernova, yaani nyota iliyolipuka. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na naona kwamba lugha yetu inaweza kutusaidia kulikamilisha, tukichagua maneno vizuri.

Tuanze na kitenzi. Vitabu vya Kifaransa tunavyosomea husema kwamba nyota inachoma haidrojeni. Tukitafsiri hivyo, msomaji wa Kiswahili ataona nyota inayoungua kama makala jikoni. Lakini makala huungua kwa kushikana na oksijeni, na atomu zake hubaki zile zile. Ndani ya nyota jambo ni lingine: viini vya atomu vinaungana. Katikati ya jua, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi, viini vya haidrojeni vinaungana kuwa heliamu, na nguvu inayotoka ndiyo mwanga unaotufikia. Kuungua na kuungana yanakaribiana kwa sikio, lakini ni vitenzi vya mizizi tofauti. Cha pili kinabeba -an-, kiambishi cha kutendana, ambacho ni cha zamani sana katika lugha za Kibantu. Kwa hiyo maelezo haya yanaweza kuhamia Kihunde au Kinyanga bila kupitia Kifaransa.

Nyota yenye uzito unaozidi jua mara nane au zaidi huendelea kuunganisha: heliamu kuwa kaboni, kisha oksijeni, hadi kufikia chuma. Hapo kazi inakwama, kwa sababu kuunganisha viini vya chuma hakutoi nguvu, bali kunaila. Moyo wa nyota unaanguka ndani kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje zinarushwa angani. Hiyo ndiyo supernova. Mwanga wa mojawapo ulifika duniani Februari 1987, kutoka galaksi ndogo jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na katika nchi za kusini watu waliuona kwa macho matupu.

Jina lenyewe linapotosha. Nova ni neno la Kilatini, maana yake mpya. Wazee wa elimu ya nyota waliona nukta ya mwanga pasipokuwa na kitu, wakadhani nyota imezaliwa. Kumbe ilikuwa ikifa. Tukisema kwa Kiswahili "nyota mpya kuu", tutarudia kosa lao. Afadhali tuseme mlipuko wa nyota.

Sasa bati. Kiini cha chuma kina protoni 26, cha bati 50, cha tantalamu 73, cha dhahabu 79. Protoni zinasukumana, kwa hiyo viini vikubwa haviungani kwa urahisi. Lakini nyutroni haina chaji. Inaingia katika kiini kama mgeni asiye na ugomvi na mtu. Baadaye nyutroni moja inageuka protoni, na elementi inapanda ngazi moja.

Ngazi hiyo hupandwa kwa njia mbili. Ya polepole hutokea ndani ya nyota zilizozeeka, nyekundu, zilizovimba, ambazo uzito wake hautoshi kulipuka. Kazi huchukua maelfu ya miaka, kisha upepo wa nyota hutawanya mazao yake. Ya haraka huhitaji tukio la ghafla, kama nyota mbili za nyutroni kugongana. Sehemu kubwa ya bati hutokana na njia ya polepole. Tantalamu imetoka katika njia zote mbili. Dhahabu, ambayo nayo inachimbwa Walikale, karibu yote ni ya njia ya haraka.

Twajuaje? Mwaka 1952 Paul Merrill alitambua alama za teknetiamu katika mwanga wa nyota nyekundu. Madini hayo huoza kwa muda wa miaka milioni chache, na nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo. Basi ziliyatengeneza zenyewe. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zikigongana, na darubini zikaona katika mwanga wake dalili za elementi nzito.

Mazao ya nyota hizi zote huchanganyika katika mawingu ya gesi na vumbi ndani ya galaksi, na humo huzaliwa nyota nyingine. Wingu moja la namna hiyo linaonekana usiku chini ya nyota tatu za mshipi wa Orioni. Jua na dunia vilitoka katika wingu kama hilo miaka bilioni 4.6 iliyopita. Baadaye sana, karibu miaka bilioni moja iliyopita, miamba ya graniti iliyopanda kutoka chini katika ukanda wetu ilikusanya bati na tantalamu mahali pamoja, ndipo yakawa madini ya kuchimbika.

Basi bati nyingi ya Walikale ni kazi ya nyota zilizokufa bila kulipuka. Neno supernova peke yake linazificha. Sisi wa isimu tunaweza kukusanya istilahi hizi, kuungana, mlipuko wa nyota, njia ya polepole, njia ya haraka, na kuzijaribu kwanza kwa wachimbaji wenyewe. Wao wanayapima na kuyapigia bei madini haya kwa Kiswahili kila siku. Na habari ya asili yake waipate kwa lugha hiyo hiyo, na waipate kamili.