Ukaguzi wa pamoja huamua fidia ya meli iliyoharibika

MELI inapogonga gati au kupanda mwamba, jambo la kwanza analowazia mwenyewe ni lini itarejea kazini. Kwa walioikatia bima, swali ni jingine: ni nani aliyeuona uharibifu kabla ya fundi kuugusa?

Bima ya meli si bima ya shehena. Hii hukinga chombo chenyewe, injini na vifaa vyake, na thamani yake huwa kubwa kiasi kwamba ni nadra kampuni moja kuibeba peke yake. Katika soko la London, ambako desturi nyingi za biashara hii zilianzia, dalali humwendea kwanza kiongozi anayepanga masharti na bei. Kisha kampuni nyingine hutia saini, kila moja ikitwaa asilimia yake na kuwajibikia fungu hilo tu.

Lau kila kampuni ingetuma mkaguzi wake, chombo kingekaa bandarini siku nyingi bure. Kwa hivyo huteuliwa mkaguzi mmoja kwa niaba ya wote. Hupanda melini pamoja na mjumbe wa mwenye meli na, aghalabu, mkaguzi wa shirika linalothibitisha ubora wa vyombo. Iwapo meli mbili zimegongana, upande wa pili nao hualikwa.

Wakaguzi hao huorodhesha kila bamba lililobonyea na kila mtambo uliovunjika, wakajadili chanzo, kisha wakakadiria gharama. Saini zao hutiwa bila kuathiri haki ya upande wowote. Kukubali kwamba bamba limepinda si kukubali kwamba bima italilipia.

Mvutano mkali huzuka kuhusu kutu. Uchakavu wa kawaida haulipwi, na mkaguzi anayepima unene wa chuma hutambua upesi kilicholiwa na miaka na kilichovunjwa na ajali. Mwenye meli anayetaka ajali moja igharimie ukarabati wa chombo kizima hukwama hapo.

Kosa la kuanza matengenezo kimyakimya nalo ni ghali. Chini ya masharti ya London ya mwaka 1983, ambayo mikataba mingi ingali inayafuata, taarifa lazima itolewe kabla ya ukaguzi. Asiyefanya hivyo hukatwa asilimia 15 ya fidia: anayestahili Sh10 milioni hupokea Sh8.5 milioni. Wenye bima pia wana haki ya kuamua bandari ya matengenezo na kuikataa karakana wasiyoiamini. Masharti ya 1995 ni makali zaidi, kwani anayekaa miezi 12 tangu ajue hasara bila kutoa taarifa hupoteza haki yake yote.

Nchini Kenya, Sheria ya Bima ya Baharini, Sura 390, ilifuata mkondo wa ile ya Uingereza ya 1906. Katika bima ya muda maalumu, mwenye meli akiituma baharini huku akijua ni mbovu, hasara inayotokana na ubovu huo hailipwi. Ripoti ya ukaguzi wa zamani iliyotaja kasoro na ikapuuzwa kabatini yaweza basi kuwa ushahidi dhidi yake, hata kama ukaguzi wa baada ya ajali umekwenda sawa na kila mmoja ametia saini.